Maswali Yenu: Kusomea tafsiri ukiwa mbali na chuo, inawezekana kweli?

Tangu tuguse habari za kazi za lugha kwenye toleo lililopita barua zimemiminika, na nyingi zinazunguka jambo hilohilo, watu wanataka kuwa watafsiri wa kulipwa lakini hawana namna ya kuacha kazi au familia wakakae chuoni. Nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha.

Shikamoo mwalimu. Mimi nina digrii ya biashara na nashinda ofisini kutwa nzima, ila roho yangu iko kwenye lugha, nikipata muda natafsiri makala fupifupi kwa kujifurahisha tu. Nataka nisomee tafsiri onlaini bila kuacha kazi. Wenzangu wananivunja moyo, wanasema vyeti vya onlaini ni karatasi tu na eti mtafsiri wa kweli lazima akae darasani. Naomba uniambie ukweli. – Mpenda Lugha

Marahaba mwanangu. Wenzako wana ukweli kidogo lakini wameushika upande usio wake. Tatizo sio umbali. Hebu fikiria kazi yenyewe inavyofanyika, mtafsiri anapokea faili kwa imeili, anakaa peke yake na kamusi zake, anamaliza, anarudisha faili, na mara nyingi hata sura ya mteja wake haijui. Hii ni fani ambayo kuisoma kwa mbali kunafanana kabisa na kuifanya. Ukalimani, yaani kutafsiri kwa mdomo, ndio habari nyingine, kule unahitaji mtu akusikie unavyosema papo hapo, ila kwa maandishi umbali sio kizuizi hata kidogo.

Sasa hiyo karatasi. Ziko kozi ambazo unaangalia vidio, unajibu maswali ya kuchagua, mwisho unapewa cheti chenye jina lako. Kwa mtu anayetaka kuonja fani sio mbaya, lakini hazikufanyi mtafsiri, na sababu ni moja tu, hakuna binadamu aliyesoma tafsiri yako. Tafsiri haifundishiki kwa kusikiliza. Inafundishika pale unapoandika, mtu anayeijua kazi akaisoma mstari kwa mstari, akaiwekea alama, akakurudishia, na wewe ukaandika upya.

Ngoja nikuonyeshe ninachosema. Chukua mwanafunzi aliyepewa ukurasa mmoja wa maelezo ya kutumia mashine ya kupimia presha nyumbani. Mwalimu mzuri hamwandikii "vizuri, ongeza bidii" chini ya ukurasa akaishia hapo. Pembeni ya mstari wa tatu anaandika: hapa umeruka ukanushi, chanzo (maandishi ya asili) kinasema asizungumze wakati wa kupima, wewe umemruhusu. Mstari wa saba: juu umesema kitufe, hapa umesema swichi, msomaji atatafuta vitu viwili wakati kipo kimoja. Mstari wa tisa: sarufi haina kosa ila hakuna Mswahili anayesema hivi, isome kwa sauti utaisikia mwenyewe. Mstari wa kumi na mbili: 120 imekuwa 210. Huo ukurasa mmoja uliorudi na alama hizo unakufundisha kuliko vidio za mwezi mzima, maana yale makosa ni yako wewe, ndiyo mazoea yako ya mkono, na kesho ukianza kuyarudia utajishtukia mwenyewe kabla ya mtu mwingine kukuona.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote waandikie hao watu wa kozi uwaulize: kila wiki nitatafsiri kiasi gani, nani anasahihisha, yeye mwenyewe anafanya kazi ya kutafsiri au anafundisha nadharia tu, na kazi inarudi baada ya siku ngapi. Na swali ambalo wengi wanalisahau wakaja kulia baadaye, je mnaye mwalimu wa kutafsiri kwenda Kiswahili? Vyuo vya kuaminika kabisa vinafundisha tafsiri kwa masafa mpaka shahada ya uzamili, kwa mfano The Open University na University of Bristol za Uingereza, lakini chuo kuwa kikubwa hakumaanishi kina msahihishaji wa jozi yako ya lugha, yaani ile unayotoka nayo na ile unayokwenda nayo. Unaweza ukasoma nadharia safi, ukajua wananadharia wa tafsiri akina Nida na Newmark na Vermeer walisema nini, halafu mazoezi yote ukayafanya kwa lugha ambayo sio utakayoifanyia kazi. Kama hawana mwalimu wa Kiswahili na bado unaipenda kozi yao, basi jipange mapema utafute mtafsiri mzoefu umlipe akusahihishie pembeni, usiseme utaona mbele ya safari.

Kuhusu vyeti, watoa kazi wanavyovitazama: kuna kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri kinaitwa ISO 17100, kilitoka 2015, na ajensi nyingi kubwa, yaani kampuni zinazopokea kazi za wateja na kuwapa watafsiri, zinakifuata. Kinakubali njia tatu za kumtambua mtafsiri. Ya kwanza ni digrii inayotambulika ya tafsiri. Ya pili ni digrii ya fani nyingine yoyote pamoja na miaka 2 ya kufanya tafsiri kama kazi ya muda wote. Ya tatu ni miaka 5 ya kazi hiyo hata bila digrii. Umeona? Hiyo digrii yako ya biashara tayari ni nusu ya njia ya pili, na kozi nzuri ya masafa ndiyo itakayokuwezesha kupata na kuzimudu kazi za hiyo miaka 2. Tena usiifiche hiyo biashara, itaje juu kabisa kwenye CV, anayeweza kusoma mizania na kuielewa ni adimu kati ya watu wa lugha.

Habari yako dada. Swali langu fupi, ni lazima nijue lugha tatu au nne ndio niitwe mtafsiri? Na je nitafsiri kwenda upande gani? – Mwenye Haraka

Nzuri, karibu. Mbili zinatosha kabisa, ilimradi ziwe mbili kweli. Upande wa kwenda ni lugha yako mwenyewe, ile unayoiota. Huo sio ushauri wangu binafsi, UNESCO walipitisha pendekezo lao la kuwalinda watafsiri kule Nairobi mwaka 1976, na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba mtafsiri kwa kawaida atafsiri kwenda lugha yake ya kwanza au lugha anayoimudu kama ya kwanza. Watu wanakimbilia kuongeza Kifaransa na Kichina wakati Kiswahili chao cha kuandika kimelala. Soma Kiswahili kila siku, na sio mitandaoni tu, soma mikataba, soma vitabu vya sayansi vya shule, soma hukumu za mahakama zilizoandikwa kwa Kiswahili, soma riwaya. Msamiati unaoutafuta saa sita usiku kwenye kamusi mara nyingi uko humo, umekaa ndani ya sentensi yake kabisa.

Mambo vipi mwalimu, mimi nimeshaanza diploma ya tafsiri kwa masafa, niko muhula wa pili. Kaka yangu ananicheka kila siku, anasema napoteza hela, mashine zinatafsiri bure na sasa hivi hata sauti. Nimeanza kuogopa. Je niache? – Mwenye Wasiwasi

Usiache, lakini nami sitakudanganya kwamba hakuna kilichobadilika. Tangu 2016 mashine za kutafsiri zilipohamia kwenye mitandao ya neva, aina ya akili bandia inayojifunza kutokana na mifano mingi, ubora umepanda sana, na kazi za aina fulani zimepungua kweli, hasa zile za "niambie tu hapa wamesema nini". Mtu aliyekuwa akiishi kwa kutafsiri maelezo mafupi ya bidhaa za madukani anajua ninachokisema. Na bei zinasukumwa chini, hilo nalo lipo, ajensi inakutumia maandishi yaliyokwishapitishwa kwenye mashine inakuambia yahariri tu kwa malipo pungufu. Kazi hiyo ya kuhariri ina mpaka kiwango chake, ISO 18587 ya 2017, na kozi yako kama ni ya kileo lazima iifundishe, kama haimo kwenye mtaala waulize kwanini.

Ila mashine ina aina yake ya makosa. Ya zamani yalikuwa yanajionyesha, sentensi imepinda unaiona kwa mbali. Ya siku hizi sentensi imenyooka, inasomeka laini, na ndani yake kuna uongo. Chukua karatasi ya dawa iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba kidonge kinywewe 8:00 asubuhi. Kwetu hiyo ni saa mbili asubuhi. Akiandikiwa mgonjwa "saa 8:00 asubuhi" anakwama, maana saa nane ya asubuhi kwake haipo, atakisia mchana au usiku wa manane, na akikisia ameshapotoka masaa sita. Hakuna rangi nyekundu itakayowaka hapo, sarufi ni safi kabisa. Anayeiona ni mtu aliyefundishwa kuuliza nani atasoma hii na atafanya nini baada ya kuisoma. Sasa hesabu karatasi za namna hiyo, za hospitali, za mahakamani, za mikataba ya kazi, mabango ya tahadhari viwandani, kote huko mtu akisoma vibaya anaumia, na hawa wenye nyaraka wanahitaji mtu wa kuweka jina lake na kusema nimeipitia, nawajibika.

Sharti langu kwako ni moja na nalisema kwa mkazo. Ukiwa bado mwanafunzi usiguse mashine kwenye mazoezi ya kozi. Najua saa tano usiku umechoka, kazi inatakiwa kesho, na kisanduku cha kubandikia maandishi kiko palepale. Usifanye. Mwalimu atasahihisha makosa ya mashine na yako yatabaki ndani yako yamejificha, halafu utakuwa mhariri wa mashine ambaye mwenyewe hajui kutafsiri, na huyo kweli kaka yako anayo haki ya kumuonea huruma. Jifunze mkono wako kwanza, ukishakomaa mashine itakuwa kifaa chako.

Samahani mwalimu, kwenye matangazo ya kazi naona wanataka programu za Trados, memoQ na majina mengine mengi, na bei zake zinanitisha. Je hizo ndizo zinazotafsiri? Na laptopu yangu ni ya zamani. – Fundi Mpya

Hapana, hizo hazitafsiri, zinakumbuka. Programu inakata maandishi yako vipande vipande, kwa kawaida sentensi moja moja, unatafsiri kipande kimoja, yenyewe inakihifadhi pamoja na chanzo chake. Mwezi ujao sentensi ileile ikirudi, au inayofanana nayo, inakuletea ulivyoiandika mwanzo. Pembeni kuna orodha ya istilahi zako, na mwisho kuna ukaguzi wa namba, nafasi, vipande ulivyosahau. Kwa mtu wa mikataba na miongozo ya mashine ni msaada mkubwa mno, kwa mtu wa mashairi haina maana sana.

Usinunue chochote kwanza. Iko OmegaT, ni ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na laptopu ya zamani inaibeba bila shida. Inatumia faili za TMX ambazo programu nyingine nazo zinazisoma, kwa hiyo kumbukumbu utakayoijenga humo utahama nayo siku utakaponunua kubwa. Ukiielewa moja zile zingine ni kujua tu vitufe vimewekwa wapi. Trados na memoQ zina toleo la majaribio, lifungulie wakati una kazi kubwa mkononi, sio wakati huna kitu siku zikaisha bure.

Angalizo moja ambalo kozi nyingi zinalipita juujuu. Programu ikikuletea kipande na kukwambia kinafanana asilimia 100, bado kisome. Ina maana maandishi ya chanzo yanafanana, basi, haina maana kwamba tafsiri ya zamani ilikuwa sawa au kwamba inafaa hapa. Mfano tarehe: mkataba wa zamani ulitoka Uingereza umeandikwa 03/04, ukatafsiriwa tarehe 3 Aprili, ni sawa kabisa. Mkataba mpya umetoka Marekani, nao umeandikwa 03/04, ila wao wanaanza na mwezi, hiyo ni tarehe 4 Machi. Kumbukumbu inakuletea 3 Aprili, asilimia 100, kijani kibichi, na wewe unapitisha, mtu analipa kodi ya jengo mwezi mzima nje ya wakati. Kwa hiyo swali la hii nyaraka imetoka nchi gani liulize kabla hujafungua programu.

Shikamoo. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodini miaka mingi na sasa nakaribia kustaafu, nimemaliza kozi ya tafsiri kwa masafa nikiwa na alama nzuri. Sasa kila tangazo linataka uzoefu. Nitaupata wapi uzoefu kama hakuna anayenipa kazi? Juzi kuna watu wamenipa jaribio la kurasa kumi bila malipo, nimesita. – Muuguzi

Marahaba, ingawa kwa maelezo yako huenda mimi ndiye ningepaswa kukuamkia. Umefanya vizuri kusita. Jaribio la kawaida ni fupi, kama maneno 300 hivi, linatosha kabisa kumjua mtu. Kurasa kumi hiyo sio jaribio, hiyo ni kazi, na kuna wajanja wanaigawa hati moja kwa watu kumi, kila mmoja anaambiwa ni jaribio lake, wanaunganisha wanamuuzia mteja. Wajibu kwa adabu kwamba utatafsiri ukurasa mmoja, zaidi ya hapo kuna malipo. Wengine dalili zao ni hizi: wanataka ulipie usajili kwanza, au wanakutumia hundi iliyozidi na kuomba urudishe chenji, au wanaandikia kutoka imeili ambayo haifanani na tovuti ya kampuni wanayojitambulisha nayo. Kwenye ProZ.com, tovuti ya watafsiri ambayo ipo tangu 1999, kuna sehemu watafsiri wanazipa ajensi alama kutokana na wanavyolipwa, pitia hapo kabla ya kukubali kazi ya mtu usiyemfahamu.

Uzoefu sasa. Translators without Borders, ambao siku hizi wako chini ya CLEAR Global, wanapokea watafsiri wa kujitolea kwa kazi za mashirika ya misaada, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zao, na maandishi ya afya yamo, yaani umefika nyumbani. Sisemi ujitolee milele, jitolee huku ukiwa na lengo: chagua kazi ambazo mtu mwingine ataipitia tafsiri yako baada yako, uombe kuona alichobadilisha. Ile ISO 17100 niliyoitaja juu inadai kila tafsiri isomwe na mtu wa pili akilinganisha na chanzo, lakini mara nyingi mtafsiri harudishiwi yale masahihisho, ni mpaka uombe. Omba. Kozi yako imeisha lakini kusahihishwa kusiishe.

Na nikwambie kitu, wewe una mali ambayo mwanafunzi wa miaka ishirini na mbili hana. Anayetafsiri fomu ya ridhaa ya mgonjwa akiwa hajawahi kumuona mgonjwa akisainishwa anatafsiri maneno. Wewe umesimama pale kitandani, unajua ni aya ipi watu wanaiuliza mara mbili na ni ipi wanasaini bila kuielewa. Kwa hiyo usijitangaze "natafsiri kila kitu". Andika wazi, tafsiri za kitabibu, muuguzi kitaaluma, na uambatanishe kurasa mbili tatu za mfano ulizotafsiri mwenyewe kutoka maandishi ya umma, usiweke kamwe hati ya mteja wala ya mgonjwa hata ukiwa umefuta jina.

Kuhusu kasi usijipe presha. Watafsiri wazoefu wanazungumzia maneno 2,000 hadi 3,000 kwa siku ya kazi, na hapo ni pamoja na kupitia. Wewe anza na nusu yake. Ukiombwa 6,000 kesho asubuhi sema hapana, mteja wa kudumu anakumbuka zaidi kazi iliyoharibika kuliko iliyokataliwa.

Mwalimu, nimesikia kuna mtihani wa Wamarekani wa watafsiri na Kiswahili kimo. Je niufanye mara tu nikimaliza kozi? – Mtahiniwa

Unasema wa ATA, chama cha watafsiri cha Marekani kilichoanzishwa 1959. Ndio, Kiingereza kwenda Kiswahili kimo, na sikuhizi unaweza kuufanya kwa kompyuta ukiwa kwako. Ni masaa matatu, unatafsiri vipande viwili, kila kimoja kina maneno kama 225 hadi 275. Unaonekana mdogo lakini wengi wanaoufanya hawapiti, na wengine ni watu wenye miaka kazini. Usahihishaji wake ni wa kuhesabu makosa kwa uzito, kosa dogo pointi moja, linalogeuza maana pointi nyingi, na pointi 18 zinatosha kukuangusha. Kamusi zinaruhusiwa, mashine ya kutafsiri hairuhusiwi.

Kwa hiyo sio mara tu ukimaliza. Wanauza mtihani wa mazoezi, vipande vya miaka iliyopita ambavyo unavitafsiri na wasahihishaji haohao wanakurudishia na alama zao. Anza na huo. Ukirudi angalia pointi zako zimekwenda wapi: kama nyingi ni za maana, yaani umesoma chanzo vibaya, ongeza kusoma Kiingereza cha fani hiyo, kama nyingi ni za Kiswahili kutokaa sawa, rudi kwenye ule ushauri niliompa Mwenye Haraka hapo juu, na kama ni vipande ulivyoruka au namba zilizogeuka, hapo ni mpangilio tu wa muda, acha dakika ishirini za mwisho ukisoma chanzo na tafsiri sambamba, kidole kwenye kila mstari.